GTX 1060 au RX 580: jinsi ya kuzipima kadi mbili za zamani kabla hujatoa hela

Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha mbili za kadi za michoro na swali moja: "Kaka, bei zimekaribiana, nichukue ipi?" Mara nyingi picha moja ni GeForce GTX 1060 ya NVIDIA, nyingine ni Radeon RX 580 ya AMD. Kabla sijajibu huwa naomba picha ya tatu. Fungua kasha la kompyuta yako, piga picha ile karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawasaplai. Nusu ya jibu imeandikwa pale.

Kwa kasi tupu kadi hizi hazijaachana mbali. GTX 1060 ya GB 6 ilitoka Julai 2016 kwa dola 249 za Marekani. RX 580 ya GB 8 ikafuata Aprili 2017 kwa dola 229. Zote zilimlenga mteja mmoja: mtu wa monita ya 1080p anayetaka gemu ziende vizuri bila kuuza kiwanja. Leo zinauzwa mtumba, na bado zinacheza gemu nyingi tu. Zinapotofautiana sana ni kwenye kompyuta itakayozibeba, na kwenye hali ya ile kadi moja uliyoishika mkononi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kompyuta yako na kuishia kwenye kaunta ya muuzaji.

Hatua ya 1: Ijue kompyuta yako kwanza

Kadi hupata umeme kwa njia mbili. Ya kwanza ni tundu la PCIe kwenye mazabodi, linalotoa hadi wati 75. Ya pili ni waya unaotoka moja kwa moja kwenye pawasaplai: wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza wati 150. GTX 1060 imepangiwa wati 120, ndiyo maana nyingi zinatosheka na pini 6 moja, ingawa matoleo machache yana pini 8. RX 580 imepangiwa wati 185 na inadai pini 8, na zipo zilizoongezwa kasi kiwandani zinazotaka pini 8 na pini 6 kwa pamoja. Kwa kompyuta nzima, NVIDIA inashauri pawasaplai ya wati 400 kwa 1060, na AMD inashauri wati 500 kwa 580.

Sasa rudi kwenye kompyuta tunazonunua wengi wetu, zile desktopu zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani. Dell OptiPlex 9020 ya mnara ina pawasaplai ya wati 290, na ndani yake hakuna waya hata mmoja wa kadi ya michoro. Hapo RX 580 haina nafasi mpaka ubadilishe pawasaplai, na pawasaplai ya kawaida nayo haiingii moja kwa moja kwa sababu Dell walitumia kichwa cha pini 8 kwenye mazabodi badala ya kile cha 24, kwa hiyo utahitaji na adapta. Ukikuta mtu anauza HP Z420, ile ya kazi nzito, hiyo mara nyingi huja na pawasaplai ya wati 600 yenye nyaya za pini 6 za kadi, na 1060 inaingia bila maneno.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna adapta ndogo zinauzwa bei ya soda, zinazotoa umeme kwenye kichwa cha SATA na kuupeleka kwenye pini 6. Kichwa cha SATA kimeundwa kubeba wati 54 tu kwenye laini ya volti 12. Waya wa pini 6 unaruhusiwa kuvuta 75. Nimeshika kichwa cha SATA kilichoyeyuka, plastiki nyeusi imegandana na pini, na harufu yake ilikaa chumbani siku mbili. Kama pawasaplai haina waya halisi wa kadi, jibu ni kubadilisha pawasaplai au kuchagua kadi isiyohitaji waya, kama GTX 1650 ya wati 75. Ni ndogo kwa nguvu kuliko hizi mbili, lakini matoleo yake mengi yanakula umeme wa tundu la mazabodi peke yake. Hakikisha unachukua toleo lisilo na tundu la waya.

Chukua futi kamba upime nafasi kutoka nyuma ya kasha hadi kizuizi cha kwanza mbele, mara nyingi ni sehemu ya diski. RX 580 nyingi zina feni mbili na ni ndefu na nene. Zipo 1060 za feni moja zenye urefu wa sentimita 17 hivi, na hizo zimeokoa makasha mengi madogo. Kama kompyuta yako ni ile nyembamba ya kulaza, inayopokea kadi fupi za nusu kimo tu, hakuna kati ya hizi itakayoingia.

Angalia pia monita. Kadi hizi mbili hazina VGA, wala DVI yao haitoi mawimbi ya zamani ya analogi, kwa hiyo kile kiadapta cha DVI kwenda VGA cha miaka ile hakitakusaidia. Monita yako ikiwa na VGA tu, tafuta kibadilishi cha HDMI au DisplayPort kwenda VGA chenye saketi ndani. Weka gharama hiyo kwenye hesabu mapema.

Mwisho kwenye hatua hii ni prosesa. Watu wengi wana Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne. Kwenye gemu za DirectX 11 (DirectX, Vulkan na OpenGL ni njia ambazo gemu hutumia kuongea na kadi), draiva ya AMD huibebesha prosesa kazi kubwa zaidi kuliko ya NVIDIA, na prosesa dhaifu ndiyo inayoona uchungu huo. Kwenye DirectX 12 na Vulkan mambo hugeuka, mzigo wa AMD ukawa mwepesi. Na kwa gemu kama Counter-Strike 2 au Valorant kwenye prosesa ya namna hii, kadi yoyote kati ya hizi itakaa ikiisubiri prosesa, hivyo usitarajie tofauti. Kama RAM yako ni kipande kimoja, ongeza cha pili kinachofanana nacho kabla hata hujafikiria kadi.

Hatua ya 2: Lipate jina kamili la kadi

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

"1060" si kadi moja. Ile ya GB 6 ina koa 1,280, yaani vitengo vidogo vinavyofanya hesabu za picha. Ile ya GB 3, iliyotoka Agosti 2016, watu hudhani imepunguziwa kumbukumbu tu, kumbe na koa zake ni 1,152. GB 3 kwa gemu za leo ni shida tupu. Kuna nyingine iitwayo P106-100, ambayo moyo wake ni wa 1060 lakini ilitengenezwa kwa ajili ya kuchimba sarafu za kidijitali, na haina matundu ya kuchomeka monita. Igeuze kadi uangalie bati la nyuma: ukiona vitundu vya hewa tu bila HDMI wala DisplayPort, mrudishie mwenyewe.

Kisha kuna feki kabisa. Mafundi wa huko zinakotoka huchukua kadi kama GTS 450 au GTX 550 Ti, za mwaka 2010 na 2011, na kuziflashi zijitambulishe kama GTX 1060, jinsi simu ya kawaida inavyoflashiwa ionekane ya bei kubwa. Windows itaamini. Programu ya bure ya GPU-Z haiamini: tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018 inazitambua feki za NVIDIA na kuandika FAKE mbele ya jina la kadi.

Kwa upande wa RX 580 mtego ni wa aina nyingine, na mimi uliniingia. RX 580 kamili ina koa 2,304. Oktoba 2018 ikatokea China RX 580 nyingine yenye koa 2,048, ambayo ni idadi ileile ya RX 570. Kwa kirefu inaitwa RX 580 2048SP, lakini kwenye boksi na kwenye tangazo hilo neno la mwisho huwa halionekani. Yangu ilikuja na boksi safi, feni mpya, imeandikwa RX 580 8GB kwa herufi kubwa. Nikaifunga, nikafungua GPU-Z, nikashuka hadi mstari ulioandikwa Shaders, ambao ndio idadi ya koa, nikakuta 2048. Kadi haikuwa mbovu, na hadi leo mdogo wangu anaitumia. Lakini nililipa bei ya kadi nyingine.

Kwa hiyo namba za kukariri ni tatu tu: 1280 kwa GTX 1060 unayoitaka, 2304 kwa RX 580 unayoitaka, na 2048 ni alama ya kushusha bei. Ukipewa RX 580 ya GB 4 nayo ishushwe, maana sababu kubwa ya kuichagua RX 580 ni zile GB 8. Na ukikutana na RX 480 ya GB 8, usiidharau: ni ya 2016, ina koa 2,304 vilevile, inaachwa kidogo tu.

Hatua ya 3: Zipambanishe kwenye mambo yanayohusu gemu zako

Kumbukumbu ndiyo tofauti iliyozeeka vizuri. RX 580 ina GB 8 kwenye njia ya biti 256, inapitisha GB 256 kwa sekunde. GTX 1060 ina GB 6 kwenye njia ya biti 192, inapitisha GB 192. Kwa maneno ya mchezaji: zile picha zinazovikwa kwenye kuta, ngozi, majani na lami hukaa kwenye kumbukumbu ya kadi. Zikijaa, zinazobaki huhifadhiwa kwenye RAM ya kompyuta, na kila zinapohitajika zinapita PCIe, ambayo ni nyembamba mno kwa kazi hiyo. Hapo gemu inakatakata: unakata kona na gari, picha inaganda nusu sekunde, kisha inaruka. Ubora wa picha hizo ukiupandisha, kwenye kadi yenye nafasi haupunguzi fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana mwenye GB 8 anaweza kushusha vivuli na ukungu lakini akaacha kuta na nyuso zionekane safi, wakati mwenye GB 6 kwenye gemu ileile analazimika kushusha vyote.

Kwenye kasi, gemu za zamani za DirectX 11 mara nyingi huipendelea 1060. Gemu za baadaye za DirectX 12 na Vulkan huipendelea 580, kwa tofauti ndogo ambayo ikipanda mahali inashuka kwingine. Minecraft ya Java inatumia OpenGL, ambako AMD kwenye Windows ilikuwa nyuma sana hadi draiva ya Julai 2022 iliporekebisha mambo, kwa hiyo vipimo vya kabla ya hapo usivitegemee.

Kama unarekodi au kurusha gemu mubashara, 1060 ina faida ya wazi. Kisimbaji cha video ndani yake, NVENC, kinatoa picha safi zaidi ya kile cha RX 580 kwa kasi ileile ya intaneti, hasa kwa muundo wa video wa H.264. Kwa kifurushi cha intaneti cha kubana matumizi, hilo si jambo dogo.

DLSS, teknolojia ya NVIDIA ya kukuza picha, hakuna kwenye zote mbili. FSR ya AMD, inayochora picha ndogo kisha kuikuza, kwa matoleo yake ya mwanzo inafanya kazi kwenye zote mbili, hata 1060. Kuhusu miale ya mwanga halisi (ray tracing), sahau. Gemu zinazoilazimisha, kama Doom: The Dark Ages ya 2025, zipo nje ya uwezo wa kadi hizi.

Kuna suala la draiva ambalo wauzaji hawalitaji. NVIDIA ilitangaza kwamba draiva za gemu kwa kizazi cha Pascal, alimo 1060, mwisho wake ni Oktoba 2025, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu, kila robo mwaka, hadi Oktoba 2028. AMD nayo iliitoa familia ya Polaris, aliyomo 580, kwenye mkondo mkuu wa draiva zake mwishoni mwa 2023. Gemu zako za sasa hazitazimika kesho. Ila zinazokuja hazitatengenezewa marekebisho maalumu kwa ajili ya kadi hizi. Kwa anayetumia Linux, RX 580 iko pazuri zaidi, kwa sababu draiva yake ya wazi imo ndani ya mfumo wenyewe na watu wanaendelea kuitunza.

Hatua ya 4: Pima kwa haki

Ukitazama video ya kulinganisha, kwanza tafuta prosesa waliyotumia. Vipimo vingi hufanywa na prosesa yenye nguvu ili kadi ndiyo iwe kikomo. Kwenye i5 yako kikomo huenda kikawa kingine, na tofauti uliyoiona kwenye video isitokee kabisa.

Ukibahatika kuzishika zote mbili, zipime hivi. Kompyuta moja, gemu moja, mipangilio ileile, eneo lilelile la gemu. Kama gemu ina kipimo chake cha ndani, kama GTA V au Forza Horizon 5, tumia hicho. Zungusha mara nne, tupa ya kwanza kwa sababu mara nyingi gemu bado inaandaa michoro yake, kisha chukua wastani wa tatu zilizobaki. Ukitoka kwenye kadi ya kampuni moja kwenda nyingine, futa draiva ya zamani kwa programu ya DDU, Windows ikiwa kwenye hali salama, ndipo uweke mpya.

Usiangalie wastani wa fremu peke yake. Programu ya MSI Afterburner inaweza kukuonyesha pia asilimia 1 ya chini, yaani fremu zinavyokuwa pale gemu inapoelemewa. Kadi ya wastani wa 70 inayoshuka hadi 25 itakuchosha macho. Ya wastani wa 62 isiyoshuka chini ya 48 utacheza nayo usiku kucha.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya gharama yote

Bei ya kadi ni mwanzo wa hesabu. Nitatumia namba za mfano. Weka za kwako. Tuseme RX 580 kamili ni shilingi 200,000 na gemu yako inakupa fremu 64. GTX 1060 ya GB 6 ni shilingi 210,000 na inakupa fremu 60. Gawanya bei kwa fremu: 580 ni shilingi 3,125 kwa kila fremu, 1060 ni shilingi 3,500. Mpaka hapo 580 imeshinda.

Sasa tuseme pawasaplai yako haina waya wa pini 8 na nyingine nzuri ni shilingi 90,000. RX 580 imekuwa 290,000, sawa na shilingi 4,531 kwa kila fremu. Kama waya wa pini 6 unao tayari, 1060 bado ni 3,500. Kadi hazijabadilika, matokeo yamepinduka.

Ongeza umeme. Tofauti ya kadi hizi kwenye makaratasi ni wati 65. Ukicheza saa nne kila siku, kwa siku thelathini hiyo ni uniti 7.8. Kama unanunua uniti moja kwa shilingi 350, ni shilingi 2,730 kwa mwezi, na kwa mwaka 32,760. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba na anachangia LUKU na wenzake, hiyo ni ugomvi wa kila mwezi. Joto nalo lihesabu, kwa sababu zile wati zote zinaishia chumbani, na anayekaa Dar au Mombasa mwezi wa pili anajua nasema nini.

Kabla hujafunga hesabu, uliza bei ya GTX 1660 Super ya 2019. Inazipita zote mbili, inakula wati 125, na NVIDIA haikuiweka kwenye orodha ile ya kusitishiwa draiva. Kama ni nyongeza unayoweza kuimudu, chukua hiyo.

Hatua ya 6: Ikague kadi kwa muuzaji

Nenda na flashi yenye GPU-Z, HWiNFO (inayosoma joto na hali ya kadi), FurMark (inayoielemea kadi kwa makusudi) na draiva za kampuni zote mbili zilizokwisha pakuliwa, usitegemee intaneti ya dukani. Maneno ya kuanzia ni mepesi: "Bosi, naomba tuichomeke niione ikifanya kazi." Muuzaji anayeijua mali yake atakupisha kwenye meza. Anayesema kompyuta ya kujaribia imeharibika, mwambie utarudi ikipona.

Kabla ya kuichomeka, iangalie kwa macho na kwa kidole. Zungusha feni taratibu: ikiyumba au ikikwaruza, beringi zimekwisha. Tazama skrubu nne za nyuma zinazoshika kipoozi. Zikiwa na mikwaruzo kadi imewahi kufunguliwa, na hilo si kosa, uliza ilifunguliwa kwa nini. Mafuta yanayong'aa kuzunguka chipu za kumbukumbu yametoka kwenye pedi za joto zilizopikwa muda mrefu. Kwa zilizokaa pwani, chungulia katikati ya mapezi ya kipoozi na kwenye bati la nyuma: hewa ya chumvi huacha kutu ya rangi ya chai, na kutu ikifika kwenye pini za HDMI utasumbuka. Meno ya dhahabu ya PCIe yawe safi, yasiwe na alama nyeusi ya kuungua.

Kadi nyingi za namna hii, hasa RX 580, zilichimba Ethereum hadi uchimbaji huo ulipokoma Septemba 15, 2022. Kuchimba peke yake hakuiui kadi. Iliyopangwa sehemu ya baridi na kushushiwa umeme inaweza kuwa nzima kuliko ya mchezaji aliyeifungia kwenye kasha lisilopumua. Tatizo ni BIOS, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi yenyewe. Wachimbaji waliibadilisha ili kumbukumbu ikimbie zaidi, na draiva ya AMD kwenye Windows huikataa BIOS iliyochezewa: picha inatoka, lakini kwenye orodha ya vifaa kadi ina alama ya njano na hitilafu namba 43. Dawa ni kurudisha BIOS ya kiwandani ya modeli ileile hasa. Baadhi ya kadi zina swichi ndogo ubavuni ya BIOS mbili, na mara nyingine upande wa pili haujaguswa. Muuzaji akikuambia "hiyo ni draiva tu, utaweka nyumbani", mwombe aiweke hapohapo.

Ikiwaka, fungua GPU-Z. Soma jina, soma Shaders, soma ukubwa wa kumbukumbu. Kisha fungua HWiNFO na FurMark kwa pamoja na uache dakika kumi na tano. Joto la chini ya nyuzi 80 kwenye duka lenye hewa ni zuri. Likivuka 85 huku feni zinanguruma, huenda pesti ya joto iliyo kati ya chipu na kipoozi imekauka, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Wakati huo macho yasibanduke kwenye monita: vidoti vya rangi, mistari inayokatiza, pembetatu zinazochomoza angani, vyote hivyo ni ugonjwa wa kumbukumbu au wa chipu, na usikubali kuambiwa ni waya wa monita mpaka waya ubadilishwe mbele yako. Kwa RX 580, HWiNFO ina mstari unaohesabu makosa ya kumbukumbu ya kadi. Namba yake inatakiwa ianze 0 na ibaki 0. Ikianza kupanda, hata kama picha ni safi, iache kadi hiyo mezani.

Jaribu kila tundu la picha, siyo moja tu. Kisha mkubaliane siku za kuirudisha, na ziandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya kadi iliyo kwenye stika.

Hatua ya 7: Ukishaifunga nyumbani

Kitu cha kwanza, hifadhi BIOS yake. GPU-Z ina kitufe kidogo cha mshale pembeni ya toleo la BIOS. Bonyeza, weka faili kwenye flashi. Siku mambo yakiharibika utamshukuru aliyekuambia.

Halafu ipunguzie njaa. Kwa RX 580, ndani ya programu ya AMD, shusha volti kwa hatua ya milivolti 25, cheza nusu saa, shusha tena, mpaka gemu ianze kuanguka, kisha rudi hatua mbili. Kwa 1060, tumia MSI Afterburner kushusha kikomo cha umeme hadi asilimia 80 na uangalie ni fremu ngapi zimeondoka. Mara nyingi ni chache. Kwa zote mbili, kama monita yako ni ya hezi 60, funga fremu ziishie 60. Hakuna sababu ya kuchoma umeme kwa picha ambazo monita haiwezi kuzionyesha.

Pesti ya joto ibadilishwe mara moja tu unapoipata kadi, kisha uiache. Vumbi lipulizwe kila miezi mitatu, na upulizapo, zuia feni kwa kidole isizunguke: ikizungushwa na upepo mkali beringi huchakaa, na inaweza kurudisha umeme kwenye saketi ya kadi.